Mkalimani wa Karakana

Mtu anayeficha ugonjwa hujiona mjanja. Anakaa na wenzake, anacheka nao, akiulizwa habari anajibu nzuri. Lakini ugonjwa haudanganyiki. Unamla ndani kwa ndani, na siku kilio kikianguka ndipo majirani wote wanajua alichokuwa nacho. Ndiyo maana wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi hudhani methali hii inahusu mambo ya hospitali tu. Wanakosea. Kutojua nako ni maradhi, tena kuna aibu kuliko homa, na wanaoficha kutojua ni wengi kuliko wanaoficha homa.

Kijana wa hadithi hii alikuwa mtoto wa Tindo, fundi wa kutengeneza milango, madirisha na matangi ya maji. Jina la Tindo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu alikuwa mfupi, mgumu, na akishika jambo haliachi mpaka likatike. Siku mwanawe alipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu, Tindo alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipooa.

"Mwanangu anasoma lugha mbili," alimwambia kila mteja. "Zote za ng'ambo, na zote kwa wakati mmoja."

"Shemeji," alisema Bisibisi, "wewe hii moja tu ukikasirika inakutoroka, unabaki kutikisa kidole. Huyo mtoto akili ni za dada yangu."

Bisibisi alikuwa mdogo wa mkewe Tindo, mtu mwembamba kama jina lake, na mdomo wake haukuwa na breki. Ndiye aliyeanza kumwita kijana Profesa. Muhula wa kwanza haukuwa umefika katikati, na tayari karakana nzima ilikuwa haimwiti kwa jina jingine.

Sheria ya idara aliyosoma ilikuwa fupi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alichukua lugha mbili za kigeni. Atakayeanguka katika moja, hata kama nyingine ameipasua, hana nafasi katika idara. Profesa alichagua Kifaransa kwa sababu alikwisha kukionja sekondari. Kichina kilichaguliwa na baba yake.

"Mashine zote zinatoka kule," Tindo alisema. "Mwenye ulimi wa kule hatalala njaa."

Mwanzoni mambo yalikwenda. Mwalimu wa Kichina alikuwa mama mmoja mtulivu aliyeishi China miaka mingi. Alipofundisha namna sauti inavyopanda na kushuka, aliichora hewani kwa mkono, na darasa zima lilichora naye, wakaonekana kama watu wanaofukuza nzi. Profesa alifurahia. Kisha homa ikamlaza. Aliporudi darasani alikuta wenzake wanaandika maumbo asiyoyajua na kuitikia maswali asiyoyasikia vizuri.

"Nani hajaelewa?" mwalimu aliuliza siku hiyo.

Profesa alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna mkono ulioinuka. Wa kwake ulikuwa umeshaanza kuinuka, akaugeuza, akajikuna kisogo.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Wiki ile lilikuwa swali dogo, la kuulizwa na kujibiwa na kusahauliwa. Wiki iliyofuata likawa swali la mtu mzembe. Baada ya miezi miwili lingekuwa kioja. Kila siku aliyonyamaza, deni la aibu liliongezeka, naye akazidi kuogopa kufungua mdomo.

Badala ya kujifunza Kichina alijifunza kujificha. Alikaa nyuma ya rafiki yake aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, na darasa lilipoitikia kwa pamoja alichezesha midomo bila kutoa sauti. Mazungumzo ya kitabuni aliyaandika kwa herufi za Kiswahili, akayakariri kutoka juu hadi chini kama mtu anayekariri wimbo wa kabila asilolijua. Aliyatamka vizuri, tena kwa madaha, bila kujua neno hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi.

Katika Kifaransa, kinyume chake, alikuwa simba. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka, alimtania mwalimu, alisahihisha wenzake. Kifaransa kikawa shuka la kufunikia Kichina. Nani angeshuku kwamba mtu yule yule, akivuka ukumbi na kuingia chumba cha pili, anageuka bubu? Hata kichwani mwake mambo yalichanganyika. Akitafuta neno la Kichina lilikuja la Kifaransa, na lilikuja likijiamini, kama mgeni asiyealikwa.

Mtihani wa muhula wa kwanza ulikuwa wa mazungumzo yaliyoandaliwa, wawili wawili. Yeye na Twiga walijifanya mteja na muuza matunda. Profesa alimwaga yote aliyoyakariri pasipo kukosea. Alipata alama nzuri, na zile alama zilimtia hofu kuliko kama angepata sifuri. Sifuri ingemwumbua mapema. Sasa alikuwa na sifa ya kulinda.

Muhula wa pili mwalimu alitangaza jambo lililomkata maini.

"Mtihani wa mwisho wa mwaka mtahojiwa na mtahini kutoka nje. Hakuna mazungumzo ya kuandaa. Atauliza anachotaka, na ninyi mtajibu. Mwenye shida aje ofisini kwangu sasa. Asije siku ya mtihani."

Tangu hapo Profesa hakulala vizuri. Akisikia viatu vya mwalimu ukumbini, aligeuza njia. Mara kadhaa alifika mpaka kwenye mlango wa ofisi ile, akainua mkono abishe, kisha akasikia kicheko ndani, akadhani anachekwa yeye kabla hajaingia. Akaushusha mkono, akaenda zake.

Twiga alimwona.

"Wewe ndugu yangu una nini?" alimwuliza. "Juzi mwalimu kakuuliza kalamu iko wapi, wewe ukamjibu asante."

"Nilikuwa nimechoka."

"Umechoka tangu mwaka uanze? Twende kwa mwalimu. Hang'ati."

"Twiga, ukinisema, urafiki wetu umekwisha."

"Mimi sitakusema. Ila siku utakayojisema mwenyewe, usiniangalie."

Profesa alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu.

Mtihani ulikuwa umekaribia simu ya Tindo ilipomkuta nje ya darasa la Kifaransa. Nyuma ya sauti ya baba yake alisikia nyundo na vigelegele vya Bisibisi.

"Profesa! Njoo karakana sasa hivi. Ile mashine ya kukata mabati imeletwa leo, na fundi Mchina wa kuifunga na kutufundisha yupo hapa. Mkalimani wao ameugua. Nimewaambia wasihangaike, mkalimani ninaye nyumbani kwangu."

Profesa alitazama mlango wa darasa. "Baba, nina kipindi."

"Kipindi gani tena? Kipindi chenyewe ndicho hiki."

"Lakini Baba, mimi ni mwaka wa kwanza tu. Maneno ya mashine hatujafika."

"Mwanangu, usiniangushe. Watu wameshakaa wanakungoja."

Angeweza kusema hapo. Walikuwa wawili tu kwenye simu, na maneno yenyewe yalikuwa machache: Baba, Kichina kimenishinda. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Nakuja."

Njiani aliomba gari liharibike. Halikuharibika. Aliomba mvua, na jua likawaka.

Karakana ilikuwa imefagiwa. Mabati yaliegemezwa ukutani, mitungi ya gesi imesogezwa kando, na katikati mashine mpya ilisimama, ya kijani, yenye kisu kirefu upana wa kitanda na gurudumu zito la chuma ubavuni. Gurudumu ndilo lililokishusha kisu kila fundi alipokanyaga pedali. Mafundi wa jirani walikuwa wamekuja kutazama. Fundi Mchina, mtu wa makamo aliyevaa ovaroli la buluu, alikuwa anazungumza na simu yake, na simu ikatamka Kiswahili kwa sauti kavu: "Habari. Tafadhali sikiliza. Hii ni usalama."

Watu waliangua kicheko.

"Sikia hiyo sauti!" alisema Bisibisi. "Kama mtu anaongea ndani ya debe."

Tindo alimwekea yule fundi mkono begani, akaisukuma simu taratibu kuelekea mfukoni. "Iweke simu yako, bwana mkubwa. Mwanangu huyo hapo. Anasoma lugha yenu chuo kikuu."

Macho yote yalimgeukia Profesa. Alisogea mbele, moyo ukimgonga kama nyundo juu ya bati tupu, akatoa salamu aliyoikariri, ndefu, yenye heshima zote. Uso wa mgeni ukachanua. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akaanza kumwaga maneno, mengi, ya haraka, yasiyo na mlango wala dirisha.

"Umeona!" Tindo alinong'ona, macho yakimng'aa. "Wanaelewana."

Profesa hakuelewa kitu. Alidaka "moja", akadaka "mbili", akadaka "mkono". Mengine yalipita kama upepo. Lakini aliona mikono ya mgeni inakoelekea, akafuata mikono. Mgeni aligusa kitufe cha kijani, Profesa akasema, "Anasema hapa ndipo pa kuwashia." Aligusa tundu dogo juu ya mtambo, Profesa akasema, "Hapa panatiwa mafuta." Mafundi waliitikia kwa vichwa. Mambo hayo hata mtoto angeyabuni, ila hakuna aliyewaza hivyo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekwisha kuamini. Pumzi zikaanza kumrudia Profesa. Akadhani atavuka.

Kisha mgeni akaiwasha mashine, akakata kipande cha bati, akaizima. Akaonyesha gurudumu la ubavuni. Umeme ulikuwa umezimwa lakini gurudumu lilikuwa bado linazunguka, taratibu, bila kelele. Akainua kiganja kumzuia kila mtu. Akasema sentensi moja polepole, akimtazama Profesa machoni. Akairudia. Akanyoosha mkono wake kuelekea kwenye kisu, akaurudisha upesi, akakunja vidole viwili ndani ya kiganja na kutikisa kichwa. Uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

Mafundi walimgeukia Profesa.

"Anasemaje?" aliuliza Tindo.

Profesa alijua kwamba maneno haya si ya mafuta wala ya vitufe. Alitazama nyuso: baba yake anayengoja kwa fahari, mjomba wake mwenye ulimi wa upanga, mafundi wa jirani ambao wangeipeleka habari mtaa mzima kabla jua halijazama. Akatazama vidole viwili vilivyokunjwa.

"Anasema..." Aligeuza macho kwenye mashine. "Anasema wanatoa dhamana ya miaka miwili."

Watu walipiga makofi. Tindo alicheka kwa furaha. Mgeni alishangaa, akawatazama mmoja mmoja, akamgeukia Profesa na kumwuliza jambo. Profesa akamjibu neno pekee alilokuwa na hakika nalo, neno la kukubali. Akalitamka mara mbili ili likate mazungumzo. Mgeni bado hakuridhika. Mkono ulikwenda mfukoni kuitoa simu, lakini Tindo akaudaka na kuutikisa kwa shukrani.

"Tumeelewa, bwana. Tumeelewa kabisa."

Gari lilikuwa linamngoja. Mgeni aliondoka huku akigeuka nyuma.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia Profesa. Mpaka dakika ile alikuwa ameogopa kuchekwa. Sasa aliogopa ile mashine.

"Baba, msiiwashe leo."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Ngojeni mpaka kesho."

"Yule fundi ndiye kasema?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu lake lilikuwa limekaa ulimini. "Hapana," alisema Profesa, "hakusema."

"Basi sogea mwanangu, bati lisije likakukwaruza."

Bisibisi alimpiga kikumbo. "Profesa anaiogopa mashine! Rudi kwenye vitabu, mjomba, huku kuna makali."

Profesa hakurudi chuoni. Alibaki amesimama kando, akiitazama kila hatua ya baba yake. Tindo hakuwa fundi mzembe. Alikata bati la kwanza, la pili, la tatu, na yote yakatoka yamenyooka kama mstari. Kila kisu kiliposhuka, Profesa alifumba macho. Kila alipoyafumbua na kuikuta mikono ya baba ikiwa mizima, alijiambia: umeona, hakuna kitu, yule mtu alisema mengine kabisa.

Kisha kipande chembamba cha bati kikanasa chini ya kisu.

Tindo alifanya ambalo kila fundi mwenye akili angefanya. Aliizima mashine kwanza. Taa ikazimika, mngurumo ukakatika. Ubavuni, gurudumu likaendelea kuzunguka.

Profesa aliliona. Aliona pia mkono wa baba yake unanyooka kama mkono wa mgeni ulivyonyooka, na ghafla akaelewa kila kitu, bila kuhitaji neno hata moja.

"Baba!" alipiga kelele. "Toa mkono!"

Tindo aligeuka aone anaitiwa nini, na katika kugeuka mguu wake ukaikanyaga pedali. Kisu kilishuka mara moja tu.

Hospitali walikaa ukumbini, kwenye benchi la mbao lililokwanguka rangi. Mama alishika kanga yake kwa meno asilie kwa sauti. Bisibisi alikwenda na kurudi mlangoni. Profesa alikaa mwisho wa benchi. Damu ya baba yake ilikuwa imemkaukia shatini. Hakujua anaogopa kwa ajili ya mkono wa baba au kwa ajili ya nafsi yake. Daktari alitoka, akasema kidole gumba kimepona na viwili vinavyofuata vimepona. Viwili vya mwisho havikuweza kurudishwa.

Jioni haijaingia, fundi Mchina alifika. Mtu wa kampuni iliyouza mashine alikuwa amempigia simu. Uso ulikuwa umempauka kama chokaa. Aliwainamia wote, akatoa simu yake, akasema nayo kwa sauti ya chini, na safari hii hakuna aliyeicheka sauti kavu iliyotoka.

"Pole sana. Nilisema, ukizima, usiweke mkono. Subiri gurudumu lisimame. Rafiki yangu alipoteza vidole viwili hivyo hivyo. Nilimwuliza kijana, umeelewa? Alisema ndiyo."

Mama aliiachia kanga. Alimgeukia mwanawe taratibu, na Bisibisi naye akageuka. Wauguzi wawili waliokuwa wanapita walisimama. Profesa alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Miaka miwili," alisema Bisibisi, polepole kama anayehesabu. "Ulituambia dhamana ya miaka miwili. Na sisi tukapiga makofi."

"Mjomba..."

"Nyamaza. Leo ndiyo unajua kusema mjomba?"

Tindo aliamka baadaye kidogo, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, maneno yote alikuwa ameyasikia. Alimwita mwanawe kwa ishara ya mkono mzima.

"Nimesikia kwa simu ya mtu," alisema. "Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Profesa alipiga magoti kando ya kitanda. "Sijui Kichina, Baba. Niliachwa nyuma tangu ile homa. Niliona aibu kuuliza. Kisha nikaona aibu kwamba sikuuliza. Mazungumzo yote nilikuwa nakariri tu."

"Mwalimu wako anajua?"

"Hakuna anayejua."

Tindo hakutukana wala hakulia. Aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kumweleza fundi aliyeharibu kazi.

"Yule mtu alikuwa na simu mkononi. Mimi niliirudisha mfukoni kwa sababu yako. Ungesema neno moja tu, 'sijui', simu ingetoka."

"Ndiyo, Baba."

"Bisibisi angekucheka."

"Ndiyo, Baba."

"Angekucheka mpaka jioni. Kesho yake angepata mwingine wa kumcheka. Kicheko kinapita, mwanangu." Aliinua mkono wenye bandeji, akauweka juu ya shuka mbele ya macho ya kijana. "Hii haipiti."

Profesa aliuinamia ule mkono, wala hakuthubutu kuugusa.

Wiki iliyofuata alibisha mlango wa mwalimu wa Kichina. Aliingia, akasema yote. Idara haikumhurumia: alianguka mtihani kama ilivyostahili, akapoteza nafasi yake, na ilimbidi aombe upya na kuanza mwaka wa kwanza pamoja na waliokuwa wadogo kwake. Karakana nayo haikumwita tena Profesa. Hawakumbatiza jina jingine la utani. Walimwita mtoto wa Tindo, basi, na ukimya uliofuata jina hilo ulimwuma kuliko tusi. Aliogopa kuchekwa na watu wachache kwa siku moja, akaja kujulikana na mtaa mzima kwa maisha yake yote, na aliyelipa ni baba yake. Mficha maradhi kifo humuumbua.